Sauti Iliyo Wazi kwa Fedha Kidogo



Katika shirika letu hapa Bukavu tunayo redio kaseti ya miaka ya 1980, yenye mkono wa kubebea juu, spika mbili mbele na nafasi ya betri nane kubwa nyuma. Tunaitumia katika mafundisho ya wakatekumeni na katika sala za jioni, kwa kuwa wapo kati yetu wazee wasiojua kusoma, ambao imani yao yote waliipokea kwa masikio. Baadhi ya kanda zetu zina mafundisho na nyimbo za watu waliokwisha kufariki, nazo hazina nakala nyingine.

Mwaka huu sauti ilianza kukwaruza. Wamama wazee wanaoketi nyuma walitueleza kwa upole kwamba wanasikia mtu akisema, lakini hawasikii anasema nini. Kisha wawili kati yao wakaacha kuja.

Jambo hilo lililetwa mbele ya shirika. Vijana walitaka tununue chombo kipya chenye kelele nyingi. Katika sanduku mlikuwa na dola 15, zilizotoka kwa wauza ndizi na wabeba mizigo. Fedha ya namna hiyo haitumiwi kabla ya kufikiri. Tulikubaliana kutengeneza tulicho nacho, na yale tuliyojifunza tunapenda kuwashirikisha ninyi nyote.

La kwanza ni kuujua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Tulichomeka vipokea sauti vya masikioni, na humo sauti ilikuwa safi. Maana yake kanda, kichwa cha kusomea kanda na amplifaya vilikuwa vizima; ubovu ulikuwa katika spika. Kama mkwaruzo ungesikika hata masikioni, ingetupasa kwanza kusafisha kichwa cha kanda na kitufe cha sauti, kazi isiyogharimu karibu kitu.

Tulipofungua, tuliona wazi. Spika ni bakuli la karatasi lililozungukwa na ukingo laini unaoliruhusu kwenda mbele na nyuma. Nyuma yake kuna koili ya waya mwembamba ndani ya sumaku. Ukingo wa spika zetu ulikuwa wa sponji, na sponji huoza kwa miaka hata kama chombo hakitumiki. Ukingo ukifa, koili hupinda na kusuguana na sumaku. Huo ndio mkwaruzo tuliousikia.

La pili ni kuchagua kinachofaa. Katika soko la Kadutu spika za magari hupatikana kwa bei nafuu, nasi tulivutwa nazo. Lakini nyuma ya spika zetu kuukuu paliandikwa ohm 8, na spika nyingi za magari ni za ohm 4. Spika ya ohm 4 huvuta umeme karibu mara mbili kutoka katika amplifaya iliyotengenezwa kwa ohm 8. Amplifaya hupata moto, na betri huisha upesi. Fundi alituambia: « Mwalimu, spika yenye tamaa haiponyi redio ndogo, inaiua. »

Alituonyesha pia kwamba wati zilizoandikwa juu ya spika si kipimo cha sauti yake. Ni kiasi cha nguvu inachoweza kuvumilia tu. Kinachomfaa mtu anayetegemea betri ni spika inayotoa sauti nyingi kwa umeme kidogo: ikizidi nyingine kwa desibeli 3 tu, ni sawa na kuiongezea amplifaya nguvu maradufu.

Mwishowe tulipata spika mbili za aina moja, zilizotolewa katika chombo cha muziki kilichoharibika. Zilikuwa za sentimita 12 kama zetu, za ohm 8, zenye ukingo wa mpira. Kipimo cha umeme kilionyesha kati ya 6 na 7, jambo la kawaida kwa spika ya ohm 8. Tulisukuma karatasi polepole kwa vidole, nayo ilikwenda bila kusugua. Tulipima pia unene wa sumaku, isije ikagusa mitambo ya kaseti. Spika zote mbili zilikuwa dola 8, kazi ya fundi dola 3, na dola 1 ilitosha kwa gundi na utepe wa sponji wa kuziba nafasi kati ya spika na kasha, ili hewa isivuje.

La tatu ni kuzipatanisha. Kabla ya kuunga waya, fundi aligusisha betri ya volti 1,5 kwenye kila spika, ili ajue ni upande gani wa waya unaoisukuma karatasi mbele. Spika moja ikienda mbele wakati mwenzake anarudi nyuma, sauti za chini hufutana, ingawa zote mbili ni nzima. Walei wengi tunaujua ugonjwa huo katika mashirika yetu.

Siku hizi mafundisho yanasikika hadi mlangoni. Mmoja wa wale wamama amerudi. Wa pili hatoki tena nyumbani kwa sababu ya miguu; kila Jumamosi kijana mmoja humpelekea redio, akamsikilizisha fundisho la juma. Dola 3 zilizobaki tumenunulia kadi ya simu ya kuhifadhia nakala za kanda, kwa maana spika mpya haiwezi kurudisha sauti iliyokwisha kufutika katika kanda yenyewe.

Kaseti ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na Philips mwaka 1963. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati Inter Mirifica juu ya vyombo vya upashanaji habari. Mwaka 2015, katika Laudato Si', Baba Mtakatifu Fransisko alituonya juu ya utamaduni wa kutupa, unaowagusa watu kama unavyogusa vitu. Maonyo hayo tumeyaelewa vizuri zaidi mbele ya redio hii. Tungeitupa bila kuuliza inaumwa nini, na pamoja nayo tungewaacha waliokuwa wameitegemea.

Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorinto, anauliza nani atajiandaa kwa vita ikiwa tarumbeta inatoa sauti isiyoeleweka. Analotaka katika tarumbeta ni kueleweka. Kuhusu ukubwa wa sauti yake hasemi neno. Sisi tunaofundisha, mara nyingi tunaposikia kwamba watu hawatuelewi, tunaongeza sauti, hali kinachohitajika ni kuondoa mkwaruzo.

Basi, katika mkutano ujao wa shirika, kila mmoja wetu atazame nyuma: ni nani anayeketi pale, na je, anasikia tunachosema?