Lupango la Babu na Bibi Mwaka Ziwa Lilipopanda

Tumeombwa kuandika juu ya jamaa ya Mkristo. Mimi nitasema juu ya watu wawili ninaowafahamu, babu yangu na bibi yangu, na kazi waliyofanya toka mwezi wa ine mpaka mwezi wa saba, mwaka 2024.

Babu alifanya kazi ya reli, sasa amepumzika. Lupango lao liko juu ya kilima, upande wa Lukuga. Nyuma ya nyumba kuna bustani: lengalenga, matembele, nyanya, bilinganya, na mihogo kwa ajili ya sombe. Wakati wa masika babu anachimba mifereji ili maji yasiozeshe mizizi, naye bibi anainua matuta na kumwaga majivu juu ya majani kwa sababu ya vidudu. Kila asubuhi bibi anafunga mafungu na kuyabeba sokoni. Franka za mafungu yale ndizo zinalipa masomo yangu na ya ndugu zangu wawili.

Msimu ule walikuwa na mambo matatu mbele yao. Kwanza, wakwe walitazamiwa kutoka Moba kuleta mahari ya shangazi yangu. Pili, ubatizo wa kaka yangu mkubwa. Tatu, miaka 40 ya ndoa yao, kwa sababu walioana mwaka 1984. Bibi alikuwa ameanza kufuga kuku na mbuzi wawili kwa ajili ya siku hizo.

Halafu ziwa likapanda. Mnajua kama Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto wetu Lukuga, unaopeleka maji mpaka Lualaba. Ndiyo sababu likijaa halishuki upesi. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alipofika hapa aliona mdomo wa Lukuga umezibwa na matete na matope. Mwaka 1878 maji yalipasua kizuizi kile na ziwa likashuka. Mwaka 1964 lilipanda tena sana, na mwaka 2024 likaingia katika nyumba za watu wa pembeni, hapa Kalemie, na Uvira, na Bujumbura pia. Wengi walitoa milango na manjanja ya nyumba zao kabla maji hayajavichukua.

Siku moja jioni shemasi wa kanisa letu alikuja na jamaa moja ya watu saba. Mama yao alikuwa mchuuzi wa ndakala, baba yao mvuvi. Walikuwa na magodoro mawili yaliyolowa, sufuria, na mtoto wa kunyonya. Babu hakuuliza mengi. Aliwapa chumba kile kilichopakwa chokaa kwa ajili ya wakwe.

Baba mdogo alipopata habari alikuja na hasira.

"Baba, tutapata haya! Bako bakikuja, batalala wapi? Hii mambo ya shangazi itaharibika. Hawa watu, kanisa iko na nyumba kubwa, baende kule."

Babu alimwacha amalize. Halafu akasema: "Mwaka 1964 nilikuwa mutoto wa miaka kenda. Maji iliingia kwa baba yetu. Kuko mutu alitupokea, na hatukuwa kabila moja naye. Tulikaa kwake miezi munane. Naye alikuwa na mabinti ba kuolewa. Hata siku moja hakutuuliza tutatoka lini."

Baba mdogo akanyamaza, lakini bibi hakunyamaza. Alisema, "Hiyo ni neno muzuri, Baba, lakini haijazi sufuria. Tulikuwa watano, sasa tuko kumi na mbili." Akaanza kuhesabu unga, chumvi na makala. Akaona kama mbuzi mmoja atauzwa, na karamu ya miaka 40 haitakuwako. Alipomaliza hesabu aliangalia babu, babu akatikisa kichwa kukubali. Mambo yakapita hivyo.

Sitawadanganya kwamba kulikuwa furaha kila siku. Watoto walipigana juu ya mkeka. Chumvi iliisha upesi, mpaka bibi akaanza kuifunga katika fundo ya kikwembe chake. Mimi mwenyewe nilisomea nje, chini ya muembe, kwa sababu ndani hakukuwa nafasi. Lakini yule mama mchuuzi hakungoja siku ya tatu kupewa jembe. Asubuhi ya pili aliliomba mwenyewe. Mume wake na babu walipanua bustani mpaka kwenye ukingo wa lupango, na kufika mwezi wa sita mafungu ya sokoni yalikuwa yameongezeka.

Wakwe wakafika na mashua. Walilala kwa jirani wawili na katika nyumba ya mchungaji. Mzee wao alipoona wageni katika chumba aliuliza ni akina nani, akaelezwa. Akasema kwao Moba pia maji yamefukuza watu. Mahari ilipokelewa chini ya muembe, na yule mama wa ndakala ndiye aliyesimamia sufuria za bukari.

Kaka alibatizwa. Siku ya miaka 40 ya ndoa tuliomba, tukaimba, tukala sombe na ndakala. Babu alimpa bibi jembe jipya. Watu walicheka, lakini bibi alilishika vizuri na kulipima mpini. Jamaa ile ilihama mwezi wa kenda, ilipopata nyumba ya kupanga mbali na maji.

Wenzangu, somo la Waebrania 13:2 tunalijua kwa moyo tangu shule ya Jumapili. Mimi nilikuwa ninafikiri kwamba kupokea wageni ni kazi ya mtu mwenye moyo laini. Kwa babu na bibi niliona inataka watu wawili: mmoja wa kufungua mlango, na mwingine wa kuhesabu unga bila kufunga mlango ule. Ninyi mtakaooa na kuolewa, ulizaneni mapema nani kati yenu atafanya kazi gani.

Bwana awabariki.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Ualimu