Taa za Remorki

Jioni moja tulikuwa tukirudi Nyakabere kutoka Uvira, gari likikokota remorki iliyojaa mifuko ya saruji. Mtu wa baiskeli nusura atugonge kwa nyuma. Akaniambia, "Katekista, taa zenu zimenidanganya!" Kumbe dereva akikanyaga breki, taa za kuonyesha kona nazo zawaka kidogo kidogo, na zile nyekundu zafifia.

Kesho yake nikanunua balbu mpya. Kazi bure! Ndipo fundi mmoja mzee akacheka: "Mwanangu, taa moja ikizimika, tazama balbu. Zikiharibika zote pamoja, tazama njia ya kurudi."

Akanieleza: umeme hutoka katika betri kwenda kwenye taa, nao sharti urudi. Sisi tuliuachia urudi kwa chuma cha kuvutia, nacho kimejaa kutu na grisi. Ukikosa njia yake, hupenya katika taa nyingine. Kwa kujaribu, alishika waya mmoja kutoka upande hasi wa betri mpaka chuma cha remorki. Taa zote zikawaka vizuri. Basi tukakwangua kutu, tukafunga imara waya mweupe, ndio wa kurudisha umeme.

Tangu siku ile, kabla ya safari mmoja wetu hukanyaga breki, mwingine husimama nyuma. Kwa maana dereva hazioni taa zake za nyuma. Azionaye ni yule wa baiskeli.