Ruzuku na Mtu Anayefahamika

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Februari, wanajeshi wa serikali walipoondoka Bukavu, hata watoto waliokota bunduki zilizoachwa. Mambo hayo mawili, yaliyofuatana kwa majuma machache, yanatupa somo sisi walimu na makatekista tunaolea vijana mitaani.

Mtoto aliyeshika bunduki hasikilizi mradi. Humsikiliza mtu anayemfahamu: mama wa jirani, mwalimu wake, kiongozi wa jumuiya ya msingi. Imani hiyo haipatikani kwa semina ya siku mbili. Hujengwa kwa miaka, nayo huhitaji nauli, mahali pa kukutania, na karo ya ufundi kwa kijana asiye na kazi. Hapo ndipo ruzuku ina maana.

Nchini Msumbiji, baada ya vita virefu, Baraza la Kikristo lilianza mwaka 1995 kupokea silaha na kutoa majembe, baiskeli na cherehani. Aliyeleta bunduki yake alihitaji kwanza kumwamini aliyeipokea.

Tunawasihi wafadhili: vipeni vikundi vidogo fedha za miaka kadhaa, tena msihesabu bunduki zilizorudishwa tu, kwani ile ambayo kijana alikataa kuichukua haionekani katika ripoti yoyote. Nasi tulio katika vikundi tusome hesabu mbele ya wote na tuchange kidogo chetu, ili mfadhili akiondoka, mtu yule anayefahamika abaki mtaani.