Tope la Rufiji

Mgeni afikaye Utete, mji mdogo kando ya mto Rufiji, huuliza watu wake wapata wapi riziki. Jawabu letu ni hili: katika mafuriko. Wakati wa masika mto hufurika bondeni, ukaacha tope lenye rutuba. Maji yakipungua, wakulima hupanda mahindi, kunde na maboga katika unyevu ule, wala hawangoji mvua. Kilimo hicho huitwa mlau. Mpunga hupandwa mapema ukue pamoja na maji, na mwenye shamba hukaa katika dungu akifukuza ndege na nguruwe. Samaki nao huingia maziwa ya bondeni kwa maji yayo hayo.

Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu mahali pa juu. Walisalimika, lakini mashamba yakawa mbali nao.

Sasa juu ya mto liko Bwawa la Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, ili kutoa umeme wa megawati 2,115. Umeme twaufurahia. Tena mwaka 2024 maji yalizamisha nyumba na mashamba Rufiji. Basi mtu aweza kusema, heri mto ufungwe kabisa. Sisi hatukubali. Maji yakizidi huharibu. Lakini yasipofika bondeni, na tope likibaki nyuma ya ukuta, mlau utakufa. Yafaa wenye bwawa na wakulima wapatane majira na kiasi cha kufungulia maji.

Ndugu wasomaji, mhesabupo mali ya nchi, lihesabuni na tope.