Nzito na Katakata

Likizo ya mwaka 2022 nilisafiri nyuma ya pikipiki kutoka Masisi hadi Walikale nikiwa na kadi ya grafiki tumboni, nimeifunga ndani ya sweta kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya mjomba. Alikuwa na chumba Walikale chenye kompyuta moja na kioo kikubwa, na vijana walimlipa kidogo kwa kila mechi ya FIFA. Kadi ilinunuliwa Goma na binamu yangu, mchimbaji wa koltani huko Rubaya, kwa akiba ya miezi mingi. Ilikuwa imetumika, lakini muuzaji aliijaribu mbele yake na ikacheza vizuri. Nilipofika nayo nilihesabiwa fundi, kwa sababu ninasoma chuo. Kueleza kwamba ninasoma isimu hakukusaidia kitu.

Tuliifunga jioni hiyo. Mechi ya kwanza ilipendeza, hata majani ya uwanja yalionekana. Kabla ya mapumziko wachezaji walianza kuruka kutoka hapa hadi pale bila kupita katikati, na vijana wakadai pesa zao. Mjomba akanitazama: "Mutoto ya dada yangu, hii karte iko namna gani?"

Nikaandika daftarini: kompyuta nzito. Neno hilo ndilo lililonipoteza siku tatu.

Kwa kompyuta nzito nilijua pa kuanzia. Nilihakikisha waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la zamani la kompyuta, maana hilo ni kosa la kila siku. Nikafuta programu ya kadi ya zamani, nikapakua mpya kwa simu usiku kucha, mamia ya megabaiti, nikipanda kilimani kutafuta mtandao. Nikakagua waya wa umeme unaoingia kwenye kadi. Nikapunguza ukubwa wa picha, jaribio ninalolipenda kwa sababu linafanana na jozi pambanuzi: unabadilisha kitu kimoja tu, kama *pata* na *bata*, uone maana inabadilika wapi. Picha ikipungua na mchezo usiende kasi zaidi, mara nyingi kadi haina hatia, na mzigo uko kwa prosesa. Mimi nilipata jibu lisiloeleweka: mara mchezo ulikwenda kasi, mara haukwenda. Badala ya kujiuliza kwa nini, niliamua kadi ni mbovu.

Nikampigia binamu simu. "Yaya, wamekudanganya." Akanyamaza. Kisha akasema atashuka Goma kuonana na yule muuzaji. Nilimsikia akihesabu nauli kwa sauti ndogo.

Aliyeniokoa ni kijana wa miaka kumi na miwili hivi, aliyekaa mlangoni kila siku bila pesa ya kucheza. Mjomba alikuwa akimlalamikia jirani kwamba kompyuta ni nzito, na mtoto akamkatiza: "Haiko muzito. Iko nakatakata. Inaanza muzuri, inakatakata, kisha inapumua."

Niliona haya. Mwaka wa pili niliandika kazi nzima juu ya uradidi wa vitenzi, na hapo nilikuwa nimeyatia maneno mawili katika kapu moja. *Nzito* ni hali, inakuwepo tangu mwanzo. *Katakata* ni tendo linalorudiarudia, na kati ya mkato na mkato kuna nafasi. Na kitu kinachopumua kimechoka kwanza.

Nikaweka pembeni mwa kioo namba za kasi na za joto, tukacheza. Kwa dakika kumi mambo yalikuwa mazuri. Kisha joto likapita nyuzi 90 na kasi ikaanguka, kwa maana kadi inapochemka hujipunguzia kazi yenyewe isiungue. Ikipoa kidogo inarudi, na ndipo jaribio langu la picha lilikuwa likinijibu kigeugeu. Goma iko juu na kuna baridi. Walikale ni msitu na joto la unyevu, na chumba cha mjomba kina bati juu na dirisha dogo. Nilipofungua kadi, feni ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi, na ule uji unaopitisha joto kutoka kwenye chipu ulikuwa umekauka kama gundi ya zamani. Fundi wa simu sokoni alikuwa na mrija wake mdogo. Tulisafisha, tukapaka, mjomba akang'oa ubavu mmoja wa kasha. Haikukata tena.

Kabla ya kuifunga niliitazama kadi kwa muda. Baadhi ya kapasita za vifaa vya elektroniki hutumia tantali, madini yaliyomo katika koltani (jina lenyewe ni vipande vya kolumbiti na tantaliti vilivyoshonwa pamoja), na waya zake hushikwa kwa bati nyeupe, kama ile inayochimbwa Bisie, humu humu Walikale. Hakuna awezaye kusema kipande kipi kilitoka shimo lipi. Ila binamu aliinunua kwa pesa za kazi hiyo hiyo.

Nilimpigia tena asubuhi. Alikuwa amefika Sake.

"Yaya, rudi. Kosa ni langu."

"Kumbe iko mzima?"

"Iko mzima. Ilikuwa na joto tu."

Alicheka, lakini nauli ya kwenda na kurudi hakuidai, na mimi sikuwa na ya kumrudishia.

Rubaya ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Machi 2025 waliingia Walikale pia, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mjomba alikuwa amefunga chumba mapema na kukimbilia msituni na watoto. Kompyuta kubwa aliiacha, kadi aliichomoa. Aliniambia kwa simu kwamba ameifunga ndani ya sweta, ile ile.