Harufu Tamu Ndani ya Kamioneti

Wanaosafiri kwa kamioneti katika milima ya Kivu huzijua harufu zake: mafuta, mpira uliopata moto, samaki wa abiria mwenzao. Harufu tamu, kama sukari inayochemka, huwadanganya wengi. Sisi ilitushika njiani, tulipokuwa tunawapeleka mama wawili wagonjwa hospitalini. Shofere akanusa, akasema: «Mwalimu, hiyo ni dawa ya radiatere.»

Dawa hiyo, etilini-glikoli, huchanganywa na maji ili yasichemke upesi. Kwetu ina kazi kubwa. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na hapo maji matupu, yasiyofungiwa, huchemka yakifika digrii 95 hivi, si 100. Wanaosema maji ya mto yatosha hawajapanda mlima na mzigo.

Basi, tulizima injini, tukangoja ipoe kabisa, maana afunguaye kizibo cha radiatere yenye moto huungua uso. Abiria walinung'unika, tuliwaacha wanung'unike. Shofere alianza mbele: tiyo, vifungo vyake, pompi ya maji. Panapovuja pole pole, dawa hukauka na kuacha ukoko. Hakuona kitu. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta: kama mafuta yangekuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, au moshi wa nyuma ungekuwa mweupe na mtamu, angeshuku jointi ya kulasi, na safari ingekwisha. Mafuta yalikuwa safi. Lakini kioo cha mbele kilikuwa na ukungu wa kunata kwa ndani, na zulia chini ya miguu yetu limelowa. Ni ile radiatere ndogo ya kupasha joto ndani ya motokari. Akaziunga tiyo zake mbili pamoja, maji yasipite tena humo, akajaza radiatere kubwa, tukafika.

Kabla ya kuondoka, watoto wa kijiji walikuwa wamekwisha kulizunguka beseni lenye maji ya kijani. Ni sumu hiyo, ndugu wasomaji, nayo ni tamu mdomoni. Huua figo. Aliyeikunywa huonekana kwanza kama mlevi tu. Apelekwe hospitalini saa ile ile, asingojewe alale. Mbwa na mbuzi nao huilamba. Shofere aliyamimina yote katika bidoni, akaikaza kifuniko, akaifunga juu ya mizigo mpaka mjini.