Mfalme akifungua Bunge The Hague, mjibu mtoto swali la gari la dhahabu

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, tukisikia The Hague tunawaza mahakama. Lakini mji huo ndio makao ya Serikali na Bunge la Uholanzi, ingawa mji mkuu ni Amsterdam. Kila Jumanne ya tatu ya Septemba mfalme hufungua mwaka wa Bunge hapo, katika sherehe iitwayo Prinsjesdag.

Mzazi unayeishi Ulaya, au unayekwenda kuwatembelea ndugu, kutazama barabarani hakuna kiingilio. Kutoka stesheni ya Den Haag Centraal ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Lange Voorhout, barabara pana yenye miti. Wahini mapema, mbebe maji na makoti ya mvua, na watoto wadogo wakae mbele.

Watakachofurahia kwanza ni farasi. Siku moja kabla, farasi wa msafara hupelekwa ufukwe wa Scheveningen wakazoezwe kelele, moshi na milio ya bunduki, ili kesho yake wasishtuke mbele ya watu. Kisha kuna kofia: tangu mbunge Erica Terpstra alipovaa yake mwaka 1977, wanawake wengi bungeni hushindana kwa kofia siku hiyo.

Mfalme Willem-Alexander huketi kwenye kiti cha enzi na kusoma hotuba. Tangu 2022 hufanya hivyo katika jumba la maonyesho la Koninklijke Schouwburg, kwa sababu majengo ya kale ya Bunge yanakarabatiwa. Mweleze mtoto kwamba maneno yale yameandikwa na mawaziri. Siku hiyo hiyo waziri wa fedha hupeleka bajeti bungeni ndani ya mkoba, na wabunge waliochaguliwa ndio watakaoijadili na kuipitisha. Mfalme anasoma, wananchi wanaamua kupitia wawakilishi wao.

Mtoto aliyeona picha za zamani atakuuliza: lile gari la dhahabu liko wapi? Hapo usikwepe.

Gari hilo la farasi ni zawadi ya watu wa Amsterdam kwa Malkia Wilhelmina mwaka 1898. Ubavuni lina mchoro uitwao Heshima ya Makoloni. Mwanamke mweupe ameketi juu kwenye kiti cha enzi; Waafrika na Waasia wanamletea mali, wengine wamepiga magoti. Kwa zaidi ya miaka mia moja mchoro huo ulipita mbele ya watoto wa kila rangi. Mara ya mwisho gari lilitumika katika sherehe hii mwaka 2015, kisha likapelekwa matengenezo. Januari 2022 mfalme akatangaza kwamba halitatumika hadi Uholanzi itakapokuwa tayari. Sasa hupanda Gari la Vioo. Tarehe 1 Julai 2023, mjini Amsterdam, aliomba radhi kwa ajili ya utumwa.

Mtoto wetu anaweza kushangaa: kupiga magoti kuna ubaya gani, mbona kwa bibi tunapiga? Ni swali zuri. Mwambie kwamba kwa bibi unapiga goti kwa hiari, naye anakuitikia, anakuinua na kukuuliza umekula nini. Anakujua jina. Wale wa kwenye mchoro hawakuulizwa, na mali waliyobeba haikurudi kwao.

Wapo Waholanzi wanaolitaka gari lao lirudi barabarani, na wapo wanaosema liwekwe makumbusho. Mweleze mtoto pande zote mbili, kisha muulize yeye angelipeleka wapi. Msikilize hadi mwisho kabla hujamwambia maoni yako.